Maarifa ya kundi letu la mashua yamejaa kwenye simu: tuyahifadhi vipi?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kundi la WhatsApp la wapenzi wa mashua hapa Lamu. Wengi wetu si mafundi wala mabaharia wa kazi. Tuna mashua ndogo za kujifurahisha, tunazitengeneza wenyewe na kushindana siku za Maulidi. Ndani ya kundi wamo wazee wa Matondoni na Shela wanaojua mambo ambayo sijayaona yameandikwa popote. Lakini kila swali huulizwa tena baada ya miezi michache, na yaliyojibiwa zamani hayaonekani. Vijana wanataka tufungue tovuti. Wazee wengine hawapendi maneno yao yasambae. Simu yangu imejaa na kila wiki nafuta picha na sauti. Nianzie wapi? — Msomaji, Langoni, Lamu.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Swali lako limenifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Hilo la kufuta kila wiki tulimalize kwanza, maana mengine yote yanaweza kungoja ila hilo.

Tafuta kompyuta, iwe ya nyumbani au ya saiba ya mtu unayemwamini, pamoja na waya wa simu. Ingia kwenye mafaili ya simu, tafuta folda ya WhatsApp, na ndani yake ile iitwayo Media. Inakili yote kama ilivyo kwenye diski ya nje. Usianze kuchagua; kuchagua ni kazi ya baadaye, leo unaokoa. Kisha fungua kundi lenyewe, tumia sehemu ya kuhamisha mazungumzo, na ujitumie kwa baruapepe bila picha na sauti. Utapata faili la maandishi matupu ambalo kila ujumbe una tarehe, saa na jina la aliyeuandika. Nasema "bila picha" kwa makusudi: kwenye Android, WhatsApp hutoa hadi jumbe 40,000 za karibuni ukiacha picha na sauti, na 10,000 tu ukizijumuisha. Waombe pia wanachama wawili watatu wa tangu mwanzo wakupe folda zao za Media, kwani ulichokwisha kufuta wewe huenda wao bado wanacho.

Usiridhike na nakala inayokwenda Google usiku. Hiyo kazi yake ni kurudisha mazungumzo kwenye simu mpya yenye namba ileile, basi. Mwanachama mwingine hawezi kuifungua akaisoma, na tangu 2024 inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure pamoja na barua na picha zako. Laini nayo ikikaa muda mrefu bila kutumika hupewa mtu mwingine. Halafu tazama mipangilio ya kundi kama kuna aliyewasha jumbe zinazotoweka. Muda wake unaweza kuwa saa 24, siku 7 au siku 90, na mtu anaweza kuuwasha akidhani anapunguza mzigo kwenye simu yake mwenyewe, kumbe anafuta kwa wote. Funga mipangilio ili ibadilishwe na wasimamizi peke yao, na wasimamizi wasipungue watatu.

Jambo dogo lakini la kukumbuka: faili lenye jina kama IMG-20240312-WA0007 limebeba tarehe ya siku picha ilipoingia simuni, wala si siku ilipopigwa. WhatsApp hubana picha na kuondoa taarifa zake za ndani, ikiwamo tarehe ya asili. Kwa hivyo mchoro au picha ya kazi ya ufundi mwombe mwenyewe aitume kama waraka badala ya picha, na aandike chini yake imepigwa lini na ni ya chombo gani.

Ukishamaliza hayo utakuwa na diski yenye kila kitu, na bado hamtakuwa mmehifadhi maarifa yenu. Hapa ndipo makundi mengi hukwama. Hakuna atakayekaa kusikiliza maelfu ya sauti akitafuta dakika moja anayoihitaji, na mjukuu wa mwenye sauti hatajua hata aanzie wapi. Kazi yangu ni kutunza nyaraka, na hili ndilo ninaloliamini kuliko yote: kinachostahili kubaki ni jibu lililoandikwa upya, kwa maneno ya kawaida, wakati aliyelitoa bado yuko na anaweza kuulizwa, "Ami, hapa ulikusudia nini?" Faili la mazungumzo ni malighafi tu.

Chukua mfano ambao bila shaka mnao wa aina yake. Mtu anaandika saa tatu usiku: "Wakuu, mashua inaingiza maji upande wa omo, karibu na mkuku. Nifanyeje?" Omo ni mbele ya chombo, na mkuku ni uti wake wa chini. Majibu yanamiminika. Mmoja anasema piga kalafati upya, yaani ziba maungio kwa pamba, kesho asubuhi usichelewe. Mwingine anasema usiguse, iache majini. Wa tatu anatuma picha ya pamba bila neno lolote. Mzee mmoja anatuma sauti ya dakika nne. Nusu ya kwanza anasalimia na kuulizia mgonjwa, nusu ya pili anaeleza jambo lenye thamani kuliko yote yaliyosemwa usiku ule. Katikati panaingia tangazo la maziko, pole nyingi, na video ya mpira. Siku ya tatu muulizaji anaandika: "Shukran, imekaa sawa." Hasemi alifanya nini.

Anayeyasoma mazungumzo hayo mwaka mmoja baadaye ataona watu wawili waliobishana, na kila mmoja amepata wafuasi. Kumbe wote wawili walisema kweli. Mashua iliyopandishwa pwani msimu mzima wa kusi hukauka. Mbao hunywea na nafasi baina ya ubao na ubao hufunguka. Ikishushwa huvuja siku za mwanzo, kisha mbao hunywa maji, hufura, na nafasi hujifunga zenyewe. Ukiwahi kugongomea pamba kwa nguvu kwenye mbao zilizokauka, ubao ukija kufura hauna pa kwenda. Utasukuma misumari na kuachana na mataruma, zile mbavu za chombo. Lakini mashua ambayo haikutoka majini, ikaanza kuvuja ghafla, hiyo pamba yake imeoza au imetoka, na kungoja ni kuizamisha. Swali lililopaswa kutangulia ni moja: chombo kilikaa nchi kavu muda gani? Na ukisikiliza vizuri, mzee aliliuliza ndani ya sauti yake, dakika ya tatu, wakati watu walikwisha kuacha kusikiliza.

Sasa tazama jibu hilo likiandikwa ili libaki:

"Mashua inavuja kwenye maungio ya mbao. Kwanza uliza: imekaa pwani muda gani? Kama imetoka kushushwa baada ya wiki nyingi za jua, iache kwenye maji ya kina kifupi, uwe unayakumba maji yanayoingia, utazame siku chache kama uvujaji unapungua. Kama ilikuwa majini muda wote na imeanza kuvuja ghafla, ipandishe wakati wa bamvua (maji makubwa), ondoa pamba ya zamani, piga kalafati kwa pamba mpya iliyolowekwa mafuta ya nazi, kisha paka deheni ya shahamu na chokaa. Usigongomee pamba kwa nguvu kwenye mbao zilizokauka. Amesema: fundi (jina lake), Matondoni. Ameandika: mwenye mashua (jina lake). Tarehe. Imejaribiwa: ndiyo, kwenye mashua ya mbao za mwembe iliyokaa pwani kusi nzima."

Kichwa chake ni maneno ya mwenye shida. Mtu ambaye chombo chake kinaingiza maji hatafuti "matengenezo ya vyombo vya mbao", anatafuta "inavuja". Masharti yametangulia kabla ya dawa. Na mstari wa mwisho unasema ushauri huu ulifanyiwa kazi wapi, kwa mbao gani, maana kinachofaa kwa mwembe huenda kisifae vilevile kwa mbambakofi, na atakayekuja kuongeza "nimejaribu kwenye mbambakofi ikawa hivi" ataongeza chini yake. Sauti ya mzee msiitupe. Iwekeni kando ya maandishi, kwa sababu ndani yake mna majina ya vifaa na namna ya kuyatamka, na siku moja mtu atataka kuhakikisha kama aliyeandika alielewa sawasawa. Palipo na "unakamata hivi, unageuza hivi", nendeni mkapige picha ya mkono wenyewe ukiwa kazini.

Nani aandike? Si wewe. Katibu anayeandika kila kitu peke yake huchoka kabla ya mwaka kwisha, na akichoka kazi yote husimama. Wekeni desturi moja: aliyesaidiwa ndiye anayeandika. Yeye ndiye anayejua alikuwa na shida gani, alifuata ushauri wa nani, na matokeo yakawa nini, jambo ambalo hata fundi mwenyewe halijui. Aandike ndani ya wiki, arushe kwenye kundi, wazee wasahihishe, ndipo wewe uliingize kwenye waraka wa pamoja. Asiyejua kuandika vizuri arekodi sauti fupi na kijana mmoja aiandike. Hii desturi ina faida nyingine: wazee wanaona kwamba maneno yao yamefika mahali. Ninaamini wengi wao hunyamaza kwa sababu wamejibu swali lilelile mpaka wamechoka, wala si kwa uchoyo.

Wakitofautiana, msilazimishe suluhu. Fundi mmoja akisema deheni ipakwe mara mbili kwa mwaka na mwingine akasema mara tatu, andikeni yote mawili, kila moja na jina la mwenyewe na aina ya chombo anachokizungumzia. Mara nyingi tofauti ina sababu ambayo bado hamjaiuliza, kama ile ya nchi kavu na majini.

Kuhusu jina na tarehe nitasisitiza kidogo, kwa kuwa Lamu mna mfano wenu wenyewe. Muhamadi Kijuma, mwandishi, mshairi na mchongaji wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, alinakili tenzi nyingi kwa mkono kwa ajili ya wataalamu wa Kiswahili kama William Hichens na Ernst Dammann. Nyingi ya kazi hizo zimo leo katika maktaba za London na Ujerumani. Zinatumika mpaka sasa, na zinasaidia zaidi kwa kuwa alikuwa na mazoea ya waandishi wa zamani ya kutaja mwishoni nani amenakili na lini. Andiko lisilo na jina wala tarehe ni taabu kubwa kwa anayelisoma baadaye. Hajui alitegemee kiasi gani. Nanyi ushauri wa kundini ukishanakiliwa bila jina mara tatu, hamtajua tena kama ulitoka kwa fundi wa maisha au kwa kijana aliyeusikia kwa mwingine.

Sasa tovuti. Waambie vijana nia yao ni njema, lakini bado. Tovuti inataka ada ya jina kila mwaka na mahali pa kuiweka, na anayelipa huwa mtu mmoja. Akihama, akikwama au akifariki, mwaka unaofuata hakuna kitu. Wala huduma za bure za makampuni makubwa si salama kuliko hiyo. Yahoo ilikuwa na makundi ya kila aina ya wapenzi, wa redio, wa ushonaji, wa mashua ndogo. Mwaka 2019 wakatangaza kwamba yaliyomo yatafutwa, na Desemba 2020 huduma yote ikafungwa. Mfano unaoniuma zaidi ni wa Photobucket, huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni. Kwa miaka mingi watu wa ufundi wa nyumbani walihifadhi picha zao huko na kuzionyesha ndani ya maelezo yao kwingineko. Mwaka 2017 kampuni ikadai dola 399 kwa mwaka kwa matumizi hayo. Maelezo ya hatua kwa hatua yakabaki na maneno tu, "tazama picha", na mahali pa picha pana tangazo la kulipa. Funzo ninalolichukua hapo ni kwamba maandishi na picha zikae pamoja, mahali ambapo nyinyi wenyewe mna nakala.

Kuna anayeweza kukuambia kwamba Internet Archive, ile hifadhi ya San Francisco iliyoanza 1996, huokoa kila kitu. Huokoa kurasa zilizo wazi kwa umma. Ndani ya kundi lililofungwa haiingii. Wikipedia ya Kiswahili nayo ipo tangu 2003, lakini kanuni zake hudai chanzo kilichokwisha kuchapishwa, kwa hivyo maneno ya fundi aliyoyasema kwa mdomo hayatakaa huko mpaka mwanzo yawe yameandikwa na kutolewa mahali pengine. Hiyo ni sababu moja zaidi ya nyinyi kuanza.

Anzeni na waraka mmoja wa pamoja, kama ule wa Google, ambao wanachama watano wanaweza kuuhariri na wengine kuusoma. Mbele yake pana orodha ya maswali, kila swali likikupeleka kwenye jibu lake. Anwani ya waraka huo ibandikwe kwenye maelezo ya kundi ili kila mgeni aikute. Msigawanye mafungu mengi mapema. Mafungu manne au matano yanatosha: mbao na mwili, tanga na kamba, kuendesha, upepo na maji, mashindano. Chini ya kila jibu ongezeni mstari wa maneno ambayo mtu mwingine angetumia kutafuta. Wa Amu (Lamu) ataandika "mai", wa Mombasa ataandika "maji". Kompyuta haijui kwamba wanazungumzia kitu kimoja mpaka muiandikie.

Kila baada ya miezi mitatu waraka huo ugeuzwe PDF, uwekewe jina linaloanza na mwaka na mwezi, kwa mfano 2025-06-mashua, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano. Nakala moja ikae kwenye diski yako, nyingine kwa mwanachama aliye Malindi au Mombasa, ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski na flashi za pwani hii hupata kutu mapema kwa sababu ya chumvi iliyo hewani. Zifungeni kwenye chombo kisichopitisha hewa, mzifungue mara mbili kwa mwaka muone kama bado zinasomeka. Na chapeni. Nasema hivi kwa uzito wote: nakala ya karatasi haihitaji bando wala chaji. Ila msichape kwa mashine ya wino wa maji, kwani tone moja hufuta mstari. Tafuteni saiba yenye mashine ya leza. Nakala moja mpelekee mhusika wa Makumbusho ya Lamu umuulize kama wataipokea. Msikiti wa Riyadha hapo kwenu ulikwisha kupigiwa picha miswada yake kupitia mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, kwa hiyo kazi ya namna hii si ngeni mjini.

Sasa wazee wasiotaka maneno yao yasambae. Wana haki, na msiwazunguke. Kundi ni kama barazani: anayezungumza anajua waliokaa. Kuyatoa maneno yake hapo kuyapeleka kwa watu wote bila kumwambia ni kuvunja amana. Kila mmoja aulizwe mambo matatu, na jibu lake lirekodiwe kwa sauti yake: Tuandike? Tutaje jina lako? Wasome wanachama tu, au yeyote? Akisema alama zake za kuvulia, zile anazotambulia mahali pa samaki, zisiandikwe, zisiandikwe hata kwenye nakala ya siri, kwa sababu nakala za siri huvuja. Futeni namba za simu, picha za watoto na habari za wagonjwa kabla ya kitu chochote kutoka nje ya kundi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na nyingine ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni za jamii. Mkifikia hatua ya kuchapisha kwa umma au kuuza kitabu, kaeni kwanza na mwanasheria. Mkiweka picha Wikimedia Commons, hifadhi ya picha ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, jueni kwamba ruhusa ya kutumiwa bure na watu wote ikishatolewa hairudishwi.

Wapo watakaosema mafundi wapo tele, haraka ya nini. Wakumbushe mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, kilichoundwa kwenye visiwa hivi hivi. Ulitoweka baharini ndani ya nusu ya kwanza ya karne ya 20. Vielelezo vyake vimo makumbusho, maelezo ya wageni waliouona yapo. Lakini waliounda mfano wake mkubwa Zanzibar mwaka 2003 walifanya hivyo miongo mingi baada ya mitepe kutoweka, wakati mzee wa kumuuliza kwa nini kamba ilipitishwa hapa na si pale ni vigumu kumpata. Nyinyi bado mnao.

Kwa hiyo wiki hii pitia lile faili la maandishi, utafute maswali yaliyorudiwa zaidi. Usichukue zaidi ya kumi. Gawa kwa waliowahi kuyauliza, kila mtu moja. Lile linalomhusu mkongwe wenu kuliko wote lichukue mwenyewe, na usilifanye kwa simu. Nenda kwake wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haikupwi sana, ambapo hakuna anayepandisha chombo na mafundi wana nafasi, ufuatane na kijana mmoja wa kupiga picha. Msomee ulichoandika kwa sauti, mstari baada ya mstari, na uache nafasi pana ukingoni kwa atakayoyakataa.